Kicheko Chako Ndani ya Kisanduku cha Fisi

Mama,

Ejok. Baada ya salamu hiyo yetu, najua ungenigombeza kwanza kwa kukaa kimya tangu tukuzike, halafu ungeuliza habari za mbuzi kabla ya zangu. Mbuzi ni wazima. Mimi niko nusunusu.

Kile kisanduku tulichofunga kwenye mgunga karibu na zizi lako, pale nje ya Kakuma, bado kipo. Kinasikiliza laga, ule mto mkavu, na kikisikia fisi kinatuma ujumbe kwa simu za majirani ili wawahi na tochi na madebe. Wewe hukukiamini hata kidogo. "Hii kitu yenu inasikia kweli ama inalala tu?" Jioni ile tulipokifunga ukasimama chini yake, ukajifunga shuka vizuri, ukacheka kama fisi. Mama, ulicheka! Simu zikalia zote. Lokwawi jirani yetu akaja mbio na mkuki, viatu mkononi, akakukuta umekaa chini unafuta machozi. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema, na alikuwa amekasirika kweli. Mimi niliona aibu mbele ya wenzangu wa kazi, halafu nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Mwezi uliopita, huku ofisini Lodwar, nilifikia sauti za siku zile. Kazi yangu unaijua: kusikiliza, kuandika huyu ni fisi, huyu ni punda, na kufuta sauti za watu, maana hatukuweka visanduku ili kuwapeleleza majirani. Nikavaa vipokea sauti vya masikioni, na wewe ukaingia. Ulikuwa unaita mbuzi asubuhi. Ulikuwa unamkaripia yule beberu wa pembe moja. Hatuna sauti yako mahali pengine popote, Mama, hata kwenye simu. Nilitamani kuiba. Lakini ni mimi niliyewaahidi majirani, pale pale zizini kwako, kwamba sauti ya mtu haitabaki, na wewe ulikuwa umekaa mbele ukiitikia kwa kichwa. Nikazifuta moja baada ya nyingine, nikilia kama mtoto.

Kikabaki kicheko. Nikamwita mkubwa wangu, mama mmoja wa Kitale, akisikie kabla sijakifuta. "Hii wacha," akasema. "Mashine lazima ifundishwe kwamba hii si fisi, isiite watu bure tena. Lakini nani atakubali kwa niaba yake?" Nikasema mimi. Nikaandika: mtu, si fisi.

Juzi alfajiri fisi wa kweli walishuka lagani. Simu zikalia, majirani wakatoka na madebe, fisi wakarudi walikotoka bila kugusa hata mwanambuzi. Lokwawi alikuwa ameshanunua sumu ya kuweka kwenye mzoga, na unajua mbwa wetu ndio wangeanza kufa. Ameirudisha dukani. Siku hizi akipita chini ya mgunga anainua mkono na kusema, "Ejok, mama." Anadhani hakuna anayemwona, lakini watoto wa jirani wameniambia.

Tutafunga visanduku vingine huko Nakalale, na vyote vitafundishwa kwa kicheko chako.

Pumzika, Mama. Nikija nyumbani Krismasi nitasimama chini ya mgunga, nijifunge shuka lako, nicheke vile ulivyocheka, kwa sauti yote niliyorithi kwako. Simu zikinyamaza, nitajua kisanduku kimekitambua kicheko chako, na kwamba bado unajulikana nyumbani.

Mwanao,
Akiru