Siku Tatu Nilizoilaza Kompyuta Yako

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza barua yako kwa namna nyingine.

Nimechoka, Baba. Nianze na hilo nisije nikakudanganya. Tangu tulipokuzika kule Namtumbo nafundisha asubuhi, mchana narudi kwenye nyumba isiyo na mtu, jioni nawachapia watu barua zao kwenye kompyuta yako kama ulivyokuwa ukifanya. Kisha nalala kama gogo na kuamka na uchovu uleule niliolala nao. Wateja wako bado wanakuja. Mmoja aliuliza, "Mzee yupo?" Nikamwambia ametoka. Sikuwa na nguvu ya kulisema lile neno jingine.

Umeme haujabadilika. Jenereta za mji zikipata dizeli tunawaka, zikikosa tunakaa. Wiki ya tatu baada ya mazishi zilikosa kabisa, nikabaki na zile betri zako mbili za lori chini ya meza. Nikakumbuka ulivyokuwa ukizilinda. Printa ulikuwa unaichomoa ukutani, spika unazichomoa, kioo unakizima hata ukiinuka tu kunywa togwa. Nilikuwa nakucheka. Nilisema ushirika wa tumbaku ulikufa, wakawapunguza wote kazini, lakini ukarani umekung'ang'ania. Ukanijibu bila kugeuka, "Cheka tu, Skola. Siku moja utazima mwenyewe."

Sikuzima, Baba. Sikuwa na moyo wa kuzunguka meza nikichomoa kimoja kimoja. Nilichofanya ni kuingia kwenye mipangilio na kuiamuru kompyuta: ukikaa dakika kumi bila kuguswa, lala yote. Ikatii. Asubuhi nilikuwa naiacha ikiwa imewashwa, kama ulivyokuwa ukiiacha wewe, bila hata kujiuliza kwa nini ulikuwa ukiiacha. Ninaenda shule, yenyewe inalala. Nikirudi betri zina nguvu. Nikajiona nimekuzidi akili. Unisamehe.

Niliusahau waya.

Ule mweupe unaotokea dirishani, unavuka ua wa matete na kuingia kwa Mama Rehema. Uliuvuta mwenyewe, na ngazi ya kuazima, ili naye apate mtandao kupitia kwetu, maana hakuwa na njia yake. Kwangu ulikuwa waya tu wa kuanikia matambara. Sikuwahi kufikiri kwamba kompyuta yetu ikilala, kwa jirani kunakuwa giza.

Na unamjua Mama Rehema. Alikuja hapa Majengo kutoka Tunduru na robota moja la vitenge, akajenga duka. Kwenye msiba wako alichota maji siku tatu mfululizo, mpaka simu yake ya mkononi ikadumbukia kwenye ndoo. Ilikuwa bado kwa fundi, ikisubiri kifaa kutoka Dar. Na wakati huohuo mwanawe, Rehema, wa miaka tisa, alikuwa India na mjomba wake Shaibu, akisubiri kuzibwa tundu la moyo. Mjomba alikuwa anaandika kila asubuhi. Mama naye ana betri ndogo, ya kuwashia kompyuta yake asubuhi tu, asome, ajibu, afunge. Hizo ndizo habari zote alizokuwa akizipata za mtoto wake.

Siku ya kwanza mtandao haukuja, akasema ni mambo ya minara. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu tulikutana njiani, nikiwa na madaftari ya wanafunzi mkononi. "Pole na kazi, mwanangu," akasema. Nikaitikia nikapita. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia pale pale. Akanijibu, "Nilikuona macho yamekuvimba. Nikasema, mtu ana msiba wake, nitamgongeaje mlango kwa habari za waya?"

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi. Sikwenda shule, nilikaa kuchapa, kwa hiyo mashine ilikuwa macho. Kama saa tatu hivi nikasikia ukelele ng'ambo ya ua. Nilikimbia bila viatu. Nikamkuta Mama Rehema amesimama mbele ya kompyuta yake, kiganja mdomoni, barua za Shaibu zimeingia zote kwa mkupuo.

Ya kwanza ilisema madaktari wamepanga siku, wanataka ridhaa ya mzazi, na yeye anaogopa kutia saini peke yake. Ya pili: "Dada, mbona kimya? Simu yako haipatikani." Ya tatu ilisema nafasi yao amepewa mtoto mwingine, na kwamba Rehema anauliza kama mama amemkasirikia.

Baba, niliisoma hiyo ya mwisho nikakaa chini, sakafuni. Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Ni mimi niliyeizima." Nilingoja anifukuze. Angenitukana ningepumua. Aliifuta miwani yake kwa ncha ya khanga, akasema, "Inuka uandike. Mikono yangu haishiki."

Nikaandika. Mama ameridhia, wamfanyie. Rehema aambiwe hakuna aliyemkasirikia, mtandao ulikatika. Tukatuma.

Nikarudi mbio kwetu. Betri zilikuwa zimebaki kidogo. Nikaifuta ile amri ya kulala. Nikazima kioo, nikachomoa printa, spika, redio, chaja ya simu, nikazima na taa ya mezani. Ndipo nilipokuelewa, Baba, nikiwa nimepiga magoti chini ya meza na vumbi puani. Haukuwa ukarani. Vyote vya pembeni ulivinyima ili kompyuta yenyewe ikae macho kwa ajili ya jirani. Hukuwahi kulisema. Au ulilisema nami nikawa nacheka.

Tulikaa hivyo mchana kutwa, mimi kwetu na yeye kwake. Betri yake ilipozimika alimtuma mtu dukani akaleta nyingine ya kuazima. Kila baada ya muda nasikia ng'ambo ya ua, "Ipo, Skola?" Nami naitikia, "Ipo, Mama." Nilikuwa nasikiliza feni ikizunguka, naogopa hata kukohoa. Karibu na magharibi akaita kwa sauti nyingine, "Alhamdulillah! Wamempa siku!"

Siku yenyewe ilikuwa wiki iliyofuata. Wiki hiyo ya katikati Rehema alipata homa, akakonda, wakamwekea oksijeni. Sikula vizuri wala sikuomba vizuri, kila sala iliishia kwenye ile kompyuta. Kisha wakamfungua kifua, wakaziba. Amerudi, Baba. Jumapili alikuja kunisalimia, shingo kama ya kifaranga, kovu linachungulia kwenye kola ya gauni. Kabla sijamkaribisha akasema, "Mama kaniambia babu kafariki. Pole, mwalimu." Mtoto aliyenusurika kufa ndiye ananipa pole mimi.

Mama yake amenisamehe. Alisema hivyo mara moja tu, hakurudia, na akiona nataka kulirudisha ananikata: "Limekwisha." Mimi bado. Zile siku tatu nazihesabu hata nikiwa ubaoni mbele ya watoto.

Siku hizi tumepatana. Yeye akimaliza kusoma barua zake ananiita nami nailaza mashine. Mimi nikitaka kuilaza namuuliza kwanza. Betri zinatosha. Ni jambo dogo namna hiyo, Baba, maneno mawili tu juu ya ua, na mimi nilishindwa kwa sababu nilidhani uchovu wangu ni wa nyumba hii peke yake.

Nakuahidi sitazima kitu cha mtu bila kumgongea kwanza. Na wateja wako nitawaambia kweli, hata yule aliyeuliza.

Pumzika, Baba. Mungu akupe mwanga wake usio na mgao. Hapa naishia, maana Mama Rehema kapika wali na kisamvu, na ameshasema nisipokwenda kwa miguu yangu atakuja kunibeba.

Mwanao,
Skola