Begi Kitandani kwa Mwanangu

Jumatatu, 3 Februari

Kwa mkwe wangu,

Habari za hapo nyumbani, na hali yako? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na karatasi haikatizwi.

Jana nilipokuja kumwona mjukuu wangu nililikuta lile begi limelazwa kitandani, upande wa mwanangu, kama mke mwenza. Usiseme nimepekua, lilikuwa wazi. Kofia pana, mashati ya pamba, chandarua, miwani ya jua, pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, na sabuni za harufu ya waridi. Nikajiuliza, huyu anakwenda vitani au fungate? Watu wanarushiana mabomu kwenye joto la kuokea mkate, na wewe unawapelekea waridi.

Nimeongoza shule ya wasichana mpaka nikastaafu. Nimeona wasichana wakitoroka kwa kila aina ya sababu. Wewe ni wa kwanza kutoroka na barua rasmi na chanjo. Mke mwenye mume na mtoto wa miaka sita haachi nyumba kwa kisingizio cha kuwahurumia watu asiowajua. Kwani wauguzi wameisha duniani?

Mama mkwe wako, ambaye hakuulizwa

Alhamisi, 6 Februari

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, na pole kwa magoti. Barua yako nimeisoma nimesimama, maana kitanda kimejaa.

Wauguzi hawajaisha. Walioisha ni wa chumba cha upasuaji wanaokubali kwenda huko. Hospitali ile ina daktari mmoja wa kupasua na hana wa kumshikia vifaa. Ni miezi sita, halafu narudi. Sabuni za waridi kanunua mwanao. Nilimwambia nahitaji sabuni ya kufulia damu, akaniambia nisiongee hivyo wakati wa kula.

Shirika linalotupeleka limetupa mafunzo ya usalama. Kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri alitufundisha namna ya kulala chini risasi zikilia. Tukalala kwenye zulia, kiyoyozi kikitupuliza mgongoni, akatupongeza kwa ujasiri. Akatukataza nguo za kijani na za rangi ya udongo, tusifanane na askari. Kwa hiyo nusu ya nguo nimezitoa, na mwanao ananisaidia kufungasha: amekaa pembeni ya begi ananiuliza chumvi inawekwa wapi jikoni. Tumeoana miaka minane.

Ndiyo maana nakuomba uje ukae hapa. Sikuombi kwa ajili yake. Binti yangu akikosa mtu wa kumchana nywele asubuhi, mikono yangu itakuwa huko na akili yangu hapa, na mtu atakufa mezani. Nidharau unavyotaka, Mama, lakini njoo.

Mkweo

Jumapili, 16 Machi

Mkwe wangu,

Hujambo? Joto linasemaje? Mjukuu wangu hajambo, ameng'oka jino la mbele na sasa kila akisema neno anapiga mluzi bila kutaka.

Nimekuja, kama unavyojua, na macho yangu nimekuja nayo. Mwanangu akimaliza kula anasukuma sahani katikati ya meza na kuitazama, kama vile itaona aibu iondoke yenyewe. Juzi alipiga pasi shati moja akapumzika siku nzima. Nilimwuliza darasa la mtoto liko wapi pale shuleni. Akasema, "Upande wa kushoto." Nikamwuliza, kushoto kwa nani? Akasema, "Mama, umeanza." Huyu nilimzaa mimi, hilo silikatai, lakini sijui aliyemlea ni nani, na namtafuta.

Usidhani nimekusamehe. Bado naona umefanya upumbavu, ila sasa naelewa kwa nini ulifungasha haraka. Na hao watu wanapigania nini hasa? Redio inasema ni barabara.

Mama mkwe

Ijumaa, 18 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini wote hamjambo. Mwambie binti yangu nataka kuusikia huo mluzi. Barua yako ilikuja na ndege ya dawa, nikaisomea stoo, ndiko kwenye feni.

Nusu ya nilivyobeba vilikuwa vya kujifariji. Plasta zimeyeyuka gundi zikawa donge moja. Mkasi ukisahaulika dirishani unaunguza kidole. Vilivyonifaa ni zile chumvi, viatu vya kufunika mguu, na shuka la pamba ambalo nalilowesha maji kisha nalilalia, na kabla sijapata usingizi limeshakauka.

Barabara yenyewe nimeiona. Inatoka mchangani inaingia mchangani. Kamanda anayeushika mji huu anatembea na mtu wa kumbebea kiti cha plastiki. Wiki jana alimleta mpwa wake, aliyejipiga risasi mguuni mwenyewe akisafisha bunduki, akataka atibiwe kabla ya mama mmoja aliyekuwa anavuja damu baada ya kujifungua. Akaniuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Nikamwambia, "Nakujua. Ni wewe uliyenizibia mwanga." Akasogea.

Sasa neno lenyewe. Mizinga inasikika, kila siku karibu zaidi, na shirika limetuambia tufungashe tena. Ndege itachukua wafanyakazi peke yao. Wagonjwa hapana. Atakayebaki, amebaki kwa hiari yake. Yule mama na kichanga chake wako kitanda cha pili, hata kukaa hawezi. Daktari amesema haondoki. Na mimi nimelifungua begi, nimechana mashati yangu tumeyafanya bandeji.

Mtoto usimwambie. Mwanao mwambie.

Mkweo

Jumanne, 10 Juni

Mkwe wangu,

Sijui kama utaisoma hii. Nakuuliza hali hivyo hivyo: hujambo? Barua mbili zilizopita zimenirudia bila kufunguliwa. Hii naiandika kwa sababu kunyamaza sijawahi kujifunza.

Mtu wa shirika alikuja amevaa tai, na uso alioutengeneza kwenye gari. Akasema mji umetekwa na "mawasiliano yamepotea." Nikamwambia, vinavyopotea ni funguo. Watu huwa wanaachwa. Hakumaliza chai yake.

Huyo tumwache. Mwanangu ameanza kupokea pole. Anakaa barazani na shati jeusi, watu wanamshika bega, naye anainamisha kichwa kama bwana harusi wa msiba. Mwanamke mmoja wa ofisini kwao anamletea chakula kwenye hotipoti, na jikoni kwako amekujua zaidi kwa siku mbili kuliko yeye kwa miaka minane. Jumamosi nilimkuta anatoa nguo zako kabatini. Akaniambia, "Mama, maisha lazima yaendelee." Mtoto alikuwa mlangoni.

Sikupandisha sauti. Nilichukua begi lake la safari za kikazi nikatia mashati, wembe, mswaki, na sahani moja ili ajifunze. Nikaliweka nje. Akasema nyumba ni yake. Nikamwambia ataje kitasa kimoja alichowahi kukikaza. Alidhani natania mpaka aliposikia komeo. Yuko kwa mwenye hotipoti.

Mjukuu wangu aliniuliza kama umekufa. Nilimwambia sijui. Nimeongoza shule nzima bila kulisema neno hilo mbele ya mtoto. Tukakaa sakafuni wote wawili, na baadaye ilibidi aniinue.

Kama u hai, andika. Na kama huandiki kwa sababu nilikuita mpumbavu, basi huo ndio upumbavu wenyewe.

Mama mkwe

Jumapili, 27 Julai

Shikamoo Mama,

Niko hai. Nimekonda, sikio la kushoto halisikii vizuri, mengine yote mazima. Mwambie binti yangu leo hii, kabla hujasoma zaidi.

Mji ulipoanguka tulikuwa na gari moja lenye mafuta. Wa kwanza kufika garini alikuwa kamanda, amejifunika shuka la mgonjwa juu ya buti zake. Vijana wake alishawaacha barabarani. "Naumwa tumbo," akasema. Nikamwambia akae foleni. Na kweli alikaa, Mama. Mtu aliyetisha mji mzima alikaa foleni ameshika tumbo. Gari lilijaa wagonjwa wasioweza kukaa, tukaondoka bado anasubiri. Kilichompata sikijui, na kutokijua hakujaninyima usingizi.

Yule mama alilazwa nyuma, kichanga nikakipakata mimi. Mama alifika. Mtoto hakufika. Alikuwa kifuani kwangu, nilijua kabla ya mama yake, nikanyamaza mpaka tulipovuka mpaka. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Barua yako imenikuta hapa mpakani, shirika lilikuwa limeihifadhi pamoja na ya mwanao. Anasema kama niko hai nijue alichanganyikiwa, anaomba tusahau. Sitamrudia. Mwezi ujao narudi kwa binti yangu. Ila kuna jambo limenikaba: nikiachana naye, mimi na wewe hatuna tena la kuitana. Nimeshika kalamu muda mrefu, sijui nimalizie barua kama nani. Naiacha hivi.

Jumamosi, 9 Agosti

Marahaba.

Shuleni kwangu barua isiyo na sahihi ilirudishwa kwa mwandishi. Hii nimeipokea kwa kuwa mwandiko naujua. Sisi wazima. Binti yako alipoambiwa uko hai alitoka mbio akawatangazia majirani wote, hata wale ambao hatusemezani.

Pole kwa sikio. Pole kwa kile kitoto. Hilo usiliandike tena, utanieleza ukiwa umekaa na mimi nimekaa.

Mwanangu alikuja Jumapili, ufunguo mkononi. Kufuli nilishabadilisha. Nikamwambia apige hodi. Akapiga, akakaribishwa, akacheza na mtoto wake, na kikombe alichonywea akakiosha, vibaya, lakini akakiosha. Wakati wa kuaga akaniuliza, "Mama, kwani wewe uko upande wa nani?" Nikamwambia niko upande wa jikoni, anipishe, chakula kinaungua. Ya talaka yamalizeni wenyewe, mimi sihami.

Na wewe, mtu umepita katikati ya mizinga, umemweka kamanda foleni, halafu unakaa mpakani unaniuliza wewe ni nani kwangu. Mwaka huu mzima sijasoma upuuzi mkubwa kama huo.

Ukituma siku ya kufika, tuma na saa. Huyu wako amegoma kuoga mpaka aijue.

Mama yako