Nyonga Bila Simenti

Jumanne, tarehe 9 mwezi wa tano

Imla ya darasa la tano. Madaftari mezani, mguu wa kuume juu ya kiti. Watoto bado wanaandika "mvuwa". Nyonga inauma tangu asubuhi. Kusema kweli inauma tangu mwaka jana: mfupa umekwisha, kichwa chake kinasagana na tundu lake kama mawe mawili. Ngazi za hapa mtaani kwetu Nguba ni adui zangu.

Habari njema: wazazi wa mchumba wa Neema wamekuja. Arusi ni mwisho wa mwezi wa saba, kwao Nyangezi. Binti yetu wa pekee! Nimetangaza mbele ya wote kwamba nitaingia kanisani kando yake, kwa miguu yangu, bila magongo. Mume wangu aliutazama mguu, akasukuma sahani yake kando. Nilikasirika. Kisha nikamalizia sambaza, visamaki vya ziwani, zote alizobakisha.

Alhamisi, tarehe 11 mwezi wa tano

Hospitalini na mume wangu, Papa Neema. Daktari wa mifupa anaitwa Aline. Kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Atakata kichwa cha mfupa kilichoharibika, aweke cha chuma, chenye mkia unaoshuka ndani ya paja. Alituwekea mezani mikia miwili ya mfano.

Wa kwanza laini kama kijiko. Huo hushikwa na simenti ya hospitali. Wa pili umevaa ngozi. Sehemu yake ya juu inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, tena imepakwa madini meupe, yale yale yanayojenga mifupa yetu. Hauhitaji simenti. Mfupa unakutana na ngozi ile, unaizoea kama ndugu, unaota na kuingia katika vishimo vyake. Niliupitisha kidole. Ajabu kweli.

Papa Neema ni mwashi. Kujenga ndiyo kazi yake tangu ujana. Alishtuka.

— Dokta, bila simenti itashika aje? Simenti mie naijua.

— Papa, unapigaka krepi juu ya ukuta yenye iko laini?

— Hapana! Ninaitobolatobola kwanza, simenti ya kupaka ipate kushika.

— Basi, na hii chuma ni vile. Tena simenti inaweza choka kisha miaka mingi. Maman angali na mifupa ya nguvu.

Hapo nilikuwa tayari. Ndipo dokta akaongeza jambo. Kwa simenti ningeukanyagia mguu mara moja. Kwa ngozi, yeye anataka nisubiri, magongo mawili, mpaka mfupa ushike. Huenda mpaka arusi ipite.

Tumerudi nyumbani, nikihesabu majuma kwa vidole.

Ijumaa, tarehe 12 mwezi wa tano

Arusi ni siku moja. Paja ni langu mpaka kaburini. Nimechagua ngozi. Nililia kidogo nyuma ya darasa, nikanawa uso, nikaingia kufundisha kugawanya.

Jumatano, tarehe 17 mwezi wa tano

Operesheni imefanyika jana. Walinidunga sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikuhisi kitu, lakini masikio yalifanya kazi. Nikasikia nyundo. Nyundo kabisa! Mkia lazima uingie kwa kubana, usichezecheze. Nilimuuliza Dokta Aline kama anajenga nyumba. Alicheka hadi akasimamisha kazi.

Leo wamenisimamisha. Maumivu makali, ila ni mapya, siyo yale ya zamani. Nayapenda.

Jumapili, tarehe 28 mwezi wa tano

Nyumbani. Wageni tangu misa ya kwanza. Mifupa ya ng'ombe inachemka jikoni, kila mtu ameleta yake, nimechoka na mchuzi. Tantine Brigitte, dada ya mume wangu, alikaa kitandani pangu na kuuliza mbele ya watu wote:

— Sasa weye, ukinyeshewa, hii chuma haitaoza kutu?

Neema alikimbia nje kucheka. Papa Neema hakucheka. Alisimama katikati ya sebule akatoa somo: chuma hiki ni titani, nayo haishiki kutu, ukuta laini na ukuta uliotobolewa, mfupa unaota kama mizizi. Mtu aliyetaka simenti! Sasa utadhani ngozi ile aliivumbua yeye.

Jumamosi, tarehe 17 mwezi wa sita

Kiangazi. Vumbi hata ndani ya chai. Zoezi la mguu kila asubuhi: inua, shusha, inua. Mguu unagusa chini kidogo tu, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Neema amepima gauni. Alipogeuka mlangoni nilikosa pumzi. Nina furaha. Nina haraka pia, na haraka ndiyo niliyokatazwa.

Alhamisi, tarehe 6 mwezi wa saba

Ujinga. Mtu alimwaga maji ya sabuni kwenye ngazi za nje. Gongo la kushoto likateleza. Ili nisianguke, nilitua kwa mguu wa kuume. Uzito wote. Nilisikia moto katikati ya paja.

Sikuanguka. Lakini paja linauma, na linauma ndani.

Nimemwambia mume wangu. Alikaa chini akashika kichwa. Tumempigia Dokta Aline: nilale, nisikanyage kabisa, Jumatatu asubuhi nipigwe radio, ile picha ya mifupa.

Jumapili, tarehe 9 mwezi wa saba

Sikwenda misani. Naogopa. Naona mkia ule umezama ndani ya paja kama mti katika matope. Ukizama, watafungua tena. Neema anataka kuahirisha arusi. Nimemkemea. Kisha nimemwomba msamaha.

Papa Neema amepika yeye. Ugali ulikuwa na mabonge. Nimeumaliza.

Jumatatu, tarehe 10 mwezi wa saba

Dokta Aline alibandika picha mbili kwenye taa. Moja ya mwezi wa tano, moja ya leo. Akachukua rula, akapima. Akapima tena. Nilitaka kumpiga kwa gongo.

Hatimaye akaniita nisogee.

— Maman, ona. Haijashuka hata kidogo. Tena angalia hapa pembeni.

Palipokuwa na mstari mweusi mwembamba kati ya chuma na mfupa, sasa pana weupe. Mfupa wangu. Umekuja wenyewe, umeshika. Maumivu ni ya msuli uliovutwa, yatapita.

Papa Neema aliomba kuigusa picha kwa kidole. Aliruhusiwa. Macho yake yalikuwa maji.

Dokta anasema niache gongo moja, nibaki na moja, nianze kukanyaga taratibu. Bila gongo? Bado. Kucheza arusini? "Mabega tu," alisema.

Jumamosi, tarehe 29 mwezi wa saba

Nyangezi. Kanisa liko juu, na njia ya mwisho ni kupanda. Vijana wa bwana arusi walitaka kunibeba na kiti. Nikakataa. Hatua, gongo, hatua. Jasho lilinitoka chini ya kilemba kipya. Tantine Brigitte alikuwa nyuma yangu akiwaambia watu wapishe, maman iko na titani.

Nilisema nitaingia bila magongo. Nimeingia na moja. Neema alinishika mkono upande wa pili, baba yake akamshika upande wake, tukaingia watatu polepole sana. Mwimbishaji akalazimika kurudia wimbo. Hakuna aliyelalamika. Sikuona aibu hata chembe, nami nilidhani nitaiona.

Jioni nilicheza mabega. Nilicheza mabega vizuri sana. Waseme wanachotaka.

Jumatatu, tarehe 31 mwezi wa saba

Nyumba kimya. Kitanda cha Neema kimetandikwa, dirisha lake wazi, ziwa linaonekana kati ya mapaa.

Papa Neema alikuwa uani akirekebisha mlango wa kuku. Akaomba maji. Nilijaza kikombe jikoni, nikampelekea. Akanywa chote, akanirudishia, kisha akanitazama miguuni.

— Gongo iko wapi?

Nilijitazama. Mikono yangu ilikuwa na kikombe tu.

Nilirudi ndani kulichukua, maana nimemwahidi dokta. Nilirudi polepole, nikipita jikoni, nikipita chumba cha Neema, njia ndefu.