Picha ya Kambini

Jumapili, 13 Agosti 2006

Sasa Mama anaamini nalala kwenye kibanda.

Kosa ni langu. Nilimtumia picha ya ile kambi ya zamani kando ya ziwa tulikoenda na kanisa. Nimesimama mlangoni, kuta ni za magogo yenye magome, paa limeota nyasi.

Leo nimempigia simu. Nikamweleza kwamba ni jengo la kihistoria, haliruhusiwi kubadilishwa hata ubao.

"Letu pia lilikuwa la magogo, Nyambura. Baba yako alilibomoa."

Nikamwambia mimi nakaa Sparkhill, mtaa wa mjini huku ng'ambo, nyumba ya matofali.

"Basi mbona hukupigia picha hapo?"

Nikamuuliza kama mafundi wamefika.

Mvua imekaribia huko nyumbani. Mafundi niliowatuma wamwezekee nyumba amewarudisha. Mabati ameyafungia stoo, anasema nitayahitaji mimi.