Kaburi la Babu Lafukuliwa

Alhamisi, baada ya isha

Hakuna mfupa hata mmoja. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefika chini kabisa ya kaburi la babu, pale kando ya njia ya misafara, wakakuta vipande vya pembe za ndovu tu. Mkuu wao, binti mpole, akaniuliza, "Mzee, una hakika alizikwa mtu hapa?" Nikasema jua limenichosha, nikarudi nyumbani.

Nilijua tangu ujana. Baba aliniambia babu alificha pembe zake humo, akajengea kaburi juu ili wezi waogope kufukua. Mwenyewe alifia safarini.

Lakini maofisa wa serikali walipokuja kutuhamishia kijiji cha ujamaa, niliwaonyesha kaburi hilo. Mimi, mwalimu mzima, nikalia mbele yao. Wakatuacha. Jirani yangu, Mama Kalunde, alikuwa amewazika wanawe wawili shambani kwake, bila jiwe wala saruji. Yeye wakampakia kwenye lori.

Leo jioni amekuja kwa miguu kunipa pole.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia kaburi limekutwa tupu, wezi wamemchukua babu yenu."

"Marahaba. Ndiyo hivyo, mama."

"Wangu hawaibwi. Wamelimiwa tumbaku juu." Akacheka kidogo, kisha akaniinamia. "Msilifukie shimo. Mkimzika mtu wenu humo, hakuna atakayewahamisha tena."

Mtu huyo ni mimi, na siku zenyewe zimebaki chache. Ukweli wote ulikuwa mdomoni. Nikamshukuru kwa ushauri.