Disketi ya Tsofa

Mishomoroni,
19 Agosti 1994

Kwa dada yangu mpendwa Kache,

Shikamoo dada. Natumai waraka huu utakukuta huko Mariakani u mzima, goti limeacha kukusumbua na shemeji ameacha kukoroma. Mimi sijambo, nala, nalala, na nimeota ndevu saba, nimezihesabu. Lakini keti kwanza, usije ukaanguka. Yule nduguyo uliyesema ataishia kupara samaki sokoni, leo hakuna mwalimu wa kompyuta anayemfikia, kutoka daraja la Nyali hadi Mtwapa. Kompyuta ikinisikia nakohoa uani inajiwasha yenyewe. Wazungu waliozitengeneza wakinikuta njiani watavua kofia.

Najua unacheka. Unasema Kahindi aliacha shule kidato cha pili, cheti chake ni alama za kiboko. Kweli. Lakini mwaka mmoja na nusu nilifagia chuo kimoja cha kompyuta kule mjini, na fagio langu lilikuwa zito sana kila mwalimu alipoanza kueleza. Wenzangu walizoa taka, mimi nikazoa elimu.

Kazi niliipata kwa mama mmoja hapa mtaani, aitwaye Mama Tsofa. Zamani alifundisha shule ya msingi. Mwanawe wa kwanza, huyo Tsofa, aliugua malaria akiwa shule ya bweni, akarudishwa nyumbani ndani ya sanduku. Huu ni mwaka wa pili. Mama akaapa kwamba hakuna mtoto wake mwingine atakayelala chini ya bati la shule, akawatoa sekondari wale wawili waliobaki, Margaret na Karisa, akawa anawasomesha mwenyewe sebuleni. Usidhani ni mchezo. Kuna ubao, kuna ratiba ukutani, na kengele ni ringi ya gari iliyotundikwa mlangoni. Masomo yote anayaweza isipokuwa kompyuta, ambayo mumewe, fundi wa meli, aliileta kutoka safarini. Aliyeijua ni Tsofa peke yake. Ndipo nikaitwa mimi.

Hayo ya msiba niliambiwa baadaye. Siku ya kwanza niliingia kipofu, na shati la kuazima na kalamu tatu mfukoni. Saa mbili kamili mama aligonga ringi, akafungua rejista, akaanza kuita. Viti vilikuwa vitatu. Akamwita Margaret, akaitika. Akamwita Karisa, akaitika. Akamwita Tsofa. Watoto wakainamisha vichwa. Mimi nikadhani huyo ni mtoro. Nawe wanijua, shuleni nilikuwa bingwa wa kuwaitikia watoro. Nikaitika kwa sauti nzito kwamba yupo, mwalimu.

Margaret alijiziba mdomo. Mama hakukasirika. Alinitazama kitambo kirefu kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akatia tiki. Niliuona ukurasa: mstari wa Tsofa ulikuwa mtupu tangu mwanzo hadi pale, na sasa una tiki moja.

Hawe wetu, Mungu amrehemu bibi yule, alikuwa akituonya tusiitikie jina la mtu aliyezikwa, kwa kuwa anayeitika ndiye aliyekuja. Nililikumbuka onyo hilo nimeshaitika.

Masomo yenyewe yalikwenda vizuri. Niliwafundisha kuandika barua, kupanga majedwali, na kuhifadhi kazi zao kwenye disketi, kile kibamba cheusi kinachoenea kiganjani. Karisa ana miaka kumi na mitano na ulimi wa miaka arobaini. Aliniuliza stima ikipotea, maneno ambayo hayajahifadhiwa huenda wapi. Nikamjibu kwamba huhamia kichwani mwa mwalimu. Akanitazama kichwa, akasema basi hapa mtaani stima haijapotea sana. Mtoto hana adabu. Nilimpenda papo hapo.

Wiki ya tatu, mchana, mama aliwatuma watoto Bombolulu kununua chaki. Akafungua Biblia yake, akanitolea disketi iliyofungwa kipande cha leso. Juu yake pameandikwa kwa penseli: Tsofa. Akanieleza kwamba siku moja kabla ya kurudi shule, mwanawe alimwandikia barua kwenye ile kompyuta, akamwambia atamfungulia aisome shule zikifungwa. Hazikufungwa akiwa hai. Mama alisema masomo ni ya watoto, lakini hili ni lake yeye: anataka kujua mwanawe alitaka kumwambia nini. Nikamwambia hilo ni jambo la kupepesa jicho tu. Akatoka barazani kumenya muhogo, akaniacha peke yangu na mashine.

Sinia la muhogo lilijaa. Nilipomwita alikuja na kisu mkononi, amesahau kukiweka chini. Barua ilikuwa kwenye kioo, maandishi ya kijani. Ilimwambia asilie, ilimwambia si kosa lake, wadogo zake wasome kwa bidii, na kwamba nyuma ya tangi la maji, chini ya mlimao, kuna kopo la maziwa alilolifukia, ndani mna kitu cha mama, amsamehe. Aliisoma mara tatu, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akaenda kuchimba kwa kisu kile kile.

Kopo lilikuwepo. Ndani mlikuwa na pete yake ya ndoa, iliyopotea tangu Tsofa yuko darasa la nane. Mama alicheka, dada. Watoto waliporudi walisimama mlangoni na chaki zao, hawaamini, maana tangu msiba hawakuwa wamekisikia kicheko kile. Akanishika mikono akaibana.

Mikono yenyewe ilikuwa baridi kama samaki wa barafu, kwa sababu barua ile niliitunga mimi. Kila neno. Kwa nini niliitunga nitakueleza kabla sijatia sahihi, niache nipumue kwanza. Lakini kopo sikulijua! Mlimao niliuona dirishani tu. Nilitafuta jambo la kuipa barua sura ya kweli, na vidole vikaandika kopo.

Margaret naye aliisoma. Msichana huyu husema kidogo, lakini akisema unatamani angenyamaza. Aliniuliza nani alinifundisha kuruka nafasi mbili kati ya neno na neno, kwa kuwa alikuwa akisimama nyuma ya kakake anapoandika, na ndivyo alivyokuwa akiandika siku zote. Nikainama kwenye kioo. Nafasi mbili, barua nzima. Mimi huruka moja.

Tangu hapo mambo hayako sawa. Walikuwa wamepanga kulijenga kaburi la Tsofa kwa saruji Desemba hii, na jamaa wa Kaloleni walikuwa wamekwisha kualikwa. Juma lililopita mama aliwapelekea ujumbe wasije, kwamba hajengewi kaburi mtu anayeandika. Kila Ijumaa ananiuliza kama hakuna ukurasa mwingine. Asubuhi akilisoma jina la Tsofa, hakuna tena anayeinamisha kichwa. Wananitazama mimi, nami naitika kabla sijaamua. Jumatatu nilikuta kwenye kiti cha tatu shati jeupe limepigwa pasi. Lilinikaa sawasawa, mpaka kifungo cha shingo. Na Karisa, dada, hanitanii tena. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Jana aliniita kaka.

Kwa hiyo nakuomba uje, hata kama goti linauma. Simama pale uani, uniite Kahindi mbele yao wote, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiniitia nilipokuibia sukari, nami niitike.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na yule mbuzi mwenye pembe moja mwambie sijamsahau. Margaret na Karisa wanakuamkia ingawa hawakujui.

Sasa lile nililoahidi. Disketi haikuwa mbovu. Nilipoiingiza, kioo kilionyesha kitu kimoja tu ndani yake, na jina lake lilikuwa MAMA. Nikajaribu kukifungua, kikakataa. Nikajaribu tena, kikakataa. Kule chuoni disketi ikikaidi, mwalimu aliiandaa upya kwa amri moja, na amri hiyo niliinakili kwa jicho nikifagia. Sikuwahi kufagia karibu vya kutosha kusikia kwamba kuiandaa upya ni kufuta kila kilichomo. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Barazani nilisikia kisu kikimenya muhogo. Nikabonyeza ndiyo.

Barua ya Tsofa ilikuwemo, dada, na mimi niliifuta kabla sijasoma hata neno moja.

Ni mimi nduguyo,
Kahindi wa Ngala