Kibonge Aote Jua

Baba Kibonge,

Uji uko kwenye chupa. Nachelewa kazini, mtoto nimemlaza kando yako.

Asubuhi nilimpeleka kliniki. Nesi akaipapasa miguu yake, akasema matege yameanza. Akaniuliza, "Mama, mtoto huyu anaota jua kweli?" Wewe unalinda usiku, mchana unalala, pazia limefungwa, naye anashinda humo gizani. Bila jua mifupa haikomai, hata ale vipi.

~~Haya yote umeyaleta wewe.~~ Hapana, lile pazia zito nililishona mimi.

Tulipotoka nje alilia, akaficha uso kwapani mwangu. Mtoto wangu analiogopa jua! Tangu hapo moyo haujatulia.

Akiamka mtoe kibarazani, miguu wazi, soksi usimvalishe. Dawa ya matone aliyonipa nesi iko juu ya friji. Kuanzia kesho, ukitoka lindo, kaa naye nje kwanza ndipo ulale. Nesi anasema tukiwahi, miguu itanyooka. Tukiwahi!

Najua usingizi hauna adabu. Ukikushinda, sinzia hapo hapo nje naye mapajani. Majirani wakicheka kwamba mlinzi anakoroma kibarazani, wacha wacheke. Mimi nataka mwanangu atembee.

Mama Kibonge